Kumbukumbu Isiyokumbuka: Uhakiki wa Istilahi za Kiswahili katika Kueleza Mpangilio wa Kumbukumbu za Vibao Vidogo vya Kompyuta

Ikisiri

Makala hii inahakiki namna istilahi zilizozoeleka za kompyuta katika Kiswahili zinavyoweza, au zinavyoshindwa, kueleza jambo moja mahususi la kiufundi: jinsi programu inayotangulia kuamka katika kibao kidogo cha kompyuta inavyogawana nafasi ya kuhifadhi na programu nyingine. Hoja kuu ni kwamba orodha za istilahi zimejishughulisha na kuvipa vitu majina, ilhali mpangilio wa kumbukumbu ni suala la mahali, mpaka, wakati na ruhusa. Maneno matatu yanachunguzwa kwa karibu, yaani kumbukumbu, kupakia na kuruka. Inaonyeshwa kwamba mawili ya kwanza, yakitumiwa kwa mazoea, humpotosha mwanafunzi, na la tatu huokolewa na sarufi ya Kiswahili yenyewe. Mjadala umewekwa Kampala, mji ambao vifaa vya namna hii vinabuniwa na ambao sera ya Kiswahili ingali changa.

1.0 Utangulizi

Mwaka 2015 ulianzishwa katika Chuo Kikuu cha Makerere mradi wa AirQo, unaounda vipima hewa vya gharama nafuu kwa ajili ya miji ya Afrika. Vifaa hivyo vimefungwa juu ya majengo ya Kampala na hata kwenye boda boda, na hutuma vipimo vyake kwa mtandao wa simu. Tarehe 7 Novemba 2022 setilaiti ya kwanza ya Uganda, PearlAfricaSat-1, ilirushwa kutoka Marekani, na tarehe 2 Desemba mwaka huo ikaachiliwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu. Wahandisi wa Uganda walishiriki kuiunda wakiwa katika Taasisi ya Teknolojia ya Kyushu nchini Japani. Vifaa hivi viwili vinatofautiana kwa mengi, lakini vina sifa moja ya pamoja: kila kimoja kina kompyuta ndogo iliyofungwa ndani yake, na baada ya kuwekwa mahali pake si rahisi, au haiwezekani kabisa, fundi kukifikia kwa mkono.

Katika mwaka huohuo wa 2022, mwezi Julai, Baraza la Mawaziri la Uganda liliamua kwamba Kiswahili kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Uamuzi huo ulikuja baada ya marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na baada ya idhini ya mwaka 2019 ya kuundwa kwa Baraza la Taifa la Kiswahili. Julai 2023 Kampala ikawa mwenyeji wa maadhimisho ya Siku ya Kiswahili Duniani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kwa upande wa hadhi rasmi, basi, mengi yamefanyika.

Swali la makala hii liko upande wa pili wa hadhi. Je, mwanafunzi wa Kampala aliyefundishwa Kiswahili kwa mujibu wa sera hii akiingia karakana ya elektroniki, lugha hiyo itamsaidia kuelewa kibao kilicho mezani pake? Swali ni la msingi zaidi nchini Uganda kuliko kwingineko katika Jumuiya. Kwa miongo mingi Kiswahili nchini humo kimenasibishwa na jeshi na polisi, na amri ya mwaka 1973 ya Idi Amin iliyokifanya lugha ya taifa haikukiondolea sura hiyo. Lugha iliyojulikana kwa kuamrisha haitapendwa kwa kuongezewa amri nyingine. Itapendwa ikionekana inafaa kufikiria.

2.0 Kinachopaswa kuelezwa

Uhakiki wa istilahi usiotanguliwa na maelezo ya kitu chenyewe huishia kuwa ubishi wa ladha. Kwa hiyo ni vyema kianze kitu.

Mfano ulio rahisi ni kibao cha Arduino Uno, kinachotumika kufundishia katika vyuo vingi duniani. Chipu yake kuu, ATmega328P, ina sehemu tatu za kuhifadhi. Ya kwanza ni flashi ya kilobaiti 32, ambamo programu hukaa na kubaki hata umeme ukikatika. Ya pili ni RAM ya kilobaiti 2, ambamo programu inayoendelea huweka hesabu zake za muda. Umeme ukikatika, vyote vilivyomo hupotea. Ya tatu ni EEPROM ya kilobaiti 1, inayotunza taarifa chache zinazopaswa kudumu, kama vile vipimo vya kurekebishia kihisi.

Flashi nayo imegawanywa. Kuanzia anwani sifuri kwenda juu ni eneo la programu ya mtumiaji. Mwishoni kabisa, kuanzia anwani 0x7E00 kwa hesabu ya msingi wa 16, ni baiti 512 zilizotengewa programu ndogo iitwayo Optiboot. Programu za aina hii mafundi huziita butiloda. Mipangilio maalumu iliyowekwa ndani ya chipu huifanya prosesa, kila inapoanza upya, iende kwanza huko mwishoni badala ya kwenda sifuri. Iwapo kuanza huko kumetokana na kitufe au na ishara ya kompyuta iliyounganishwa, butiloda husikiliza kwa muda mfupi kama kuna programu mpya inayotumwa. Ikiwapo, huiandika katika eneo la chini la flashi. Isipokuwapo, huikabidhi kazi programu iliyokwishakuwamo.

Kuna jambo la tatu lisilopaswa kusahauliwa, nalo ni ruhusa. Katika chipu hii, amri ya kuandika flashi hufanya kazi pale tu inapotekelezwa kutoka eneo la butiloda. Programu ya mtumiaji inaweza kuisoma flashi, lakini haiwezi kujiandika upya. Kalamu iko mikononi mwa mmoja tu.

Kutokana na mgawanyo huo, baiti 32,768 za flashi hazipatikani zote kwa mtumiaji. Ukiondoa 512 za butiloda hubaki 32,256, na hicho ndicho kikomo kinachotolewa na mazingira ya Arduino kwa kibao cha Uno. Kwa kibao cha Nano chenye chipu ileile, kikomo ni baiti 30,720, kwa kuwa baiti 2,048 zimeachwa kwa ajili ya butiloda. Chipu ni moja, uwezo ni mmoja, lakini mpaka umepigwa pawili tofauti. Hapa ndipo lugha inapoingia: kinachomhusu mwanafunzi si jina la chipu wala jina la flashi, bali ni mpaka ulipo, nani yuko upande upi, na nani anaruhusiwa kuuvuka.

3.0 Kumbukumbu isiyokumbuka

Neno lililozoeleka kwa sehemu zote za kuhifadhi zilizotajwa hapo juu ni kumbukumbu. Limekubalika kiasi kwamba kulihoji kunaweza kuonekana ni utundu. Hata hivyo lina kasoro inayostahili kuelezwa waziwazi.

Katika Kiswahili cha kila siku, kumbukumbu ni kile kinachobaki. Kumbukumbu za mkutano ni maandishi yanayotunzwa baada ya wajumbe kutawanyika. Kumbukumbu ya marehemu hufanywa kwa sababu yeye hayupo na jina lake lipo. Tanzania ina idara nzima ya serikali inayobeba neno hili, Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, ambayo kazi yake ni kuzuia mambo yasipotee. Kudumu si sifa ya ziada ya kumbukumbu. Ndiyo maana yake.

RAM ni kinyume cha hayo yote. Haikumbuki kitu mara umeme unapokatika. Mwanafunzi anayeambiwa kwamba RAM ni kumbukumbu anaambiwa kwamba kumbukumbu ni kitu kinachosahau, na anayeambiwa kwamba flashi nayo ni kumbukumbu ananyimwa njia ya kuzitofautisha. Neno la Kiingereza ambalo kumbukumbu inalifasiri halina tatizo hilo kwa kiwango hicho, kwa kuwa limejengwa juu ya uwezo wa akili kukumbuka, nao uwezo huo unajulikana kuwa ni dhaifu. Mfasiri alihamisha jina bila kuhamisha mazingira yake.

Madhara yake hayaishii kwenye nadharia. Tuseme mwanafunzi anataka kuhifadhi vipimo 3,000 vya hewa, kila kimoja baiti moja, ndani ya programu ya Uno. Ameambiwa kibao kina kumbukumbu ya kilobaiti 32. Kwa hesabu yake, nafasi ni tele. Lakini vipimo vinavyobadilika programu ikiendelea hukaa katika RAM, na RAM ina baiti 2,048 tu. Mwanafunzi mwingine ameandika programu ya baiti 32,500 na kuiona inakataliwa ingawa ni ndogo kuliko 32,768. Wa kwanza amepotezwa na neno moja kupewa vitu viwili. Wa pili amepotezwa na neno lisilosema kwamba ndani ya kumbukumbu mna mwenyeji mwingine.

Ni jambo la kuzingatiwa kwamba mazingira ya Arduino, yanapomaliza kuiandaa programu, hutoa ripoti yenye sentensi mbili: moja kuhusu nafasi ya kuhifadhia programu, na nyingine kuhusu RAM inayochukuliwa na vigeu. Maneno yanayotumika katika sentensi hizo mbili hayafanani, na hayakuachwa yafanane kwa sababu nzuri. Tafsiri ya Kiswahili itakayoweka kumbukumbu katika sentensi zote mbili itakuwa sahihi kwa kamusi na yenye madhara kwa mtumiaji.

Dawa haihitaji neno jipya. Kiswahili tayari kinalo neno hifadhi, na tayari linatumika kwa sehemu ambazo taarifa zinabaki. Flashi na EEPROM ziitwe hifadhi. RAM iitwe kumbukumbu ya kazi au, kwa wanaopenda ufupi, RAM. Mwanafunzi wa Kampala hahitaji maabara kuelewa tofauti hiyo. Umeme ukikatika mtaani anajua kilichobaki kwenye simu yake na kilichopotea kwenye barua aliyokuwa hajaihifadhi.

4.0 Kipakizi kisichopakia

Neno la pili ni jina la butiloda yenyewe. Mfasiri akifuata desturi ataanzia kwenye kitenzi kupakia na kuunda kipakizi. Neno hilo ni halali kimofolojia na linasikika vizuri. Tatizo ni kwamba katika vibao vingi vidogo kitu hicho hakipakii.

Kupakia ni kuchukua mzigo ulipo na kuuweka katika chombo kitakachousafirisha. Katika kompyuta za mezani maana hiyo inafaa: programu hutolewa kwenye diski na kuwekwa kwenye RAM, na humo ndimo inamotekelezwa. Katika Uno si hivyo. Programu inatekelezwa palepale ilipo, ndani ya flashi. Butiloda inapoikabidhi kazi haihamishi hata baiti moja ya programu hiyo. Kutafsiri jina lake kuwa kipakizi ni kumfanya mwanafunzi atafute safari ambayo haipo, na akiiamini safari hiyo ataamini pia kwamba programu ya kilobaiti 20 haiwezi kuendeshwa katika chipu yenye RAM ya kilobaiti 2.

Hali inakuwa ya kuvutia zaidi vibao vinapolinganishwa. Katika Raspberry Pi Pico, chipu ya RP2040 ina ROM ya kilobaiti 16 iliyoandikwa kiwandani. Programu iliyomo humo hunakili baiti 256 za mwanzo za flashi ya nje na kuziweka kwenye RAM, hukagua kama hesabu ya uhakiki iliyo katika baiti nne za mwisho ni sahihi, kisha huziendesha. Baiti hizo huiandaa flashi ili programu kuu isomwe na kutekelezwa mojakwamoja kutoka huko, kuanzia anwani 0x10000000. Hapa kuna kupakia kidogo na kutokupakia kwingi. Katika ESP32 ya awali, butiloda ya hatua ya pili hukaa kwenye flashi kuanzia 0x1000, jedwali la migawanyo huwekwa kwa kawaida 0x8000, na baadhi ya vipande vya programu hupelekwa kwenye RAM ilhali vingine husomwa vikiwa kwenye flashi. Hapa kupakia kupo, lakini si kwote.

Aidha, kitenzi kupakia kimeshachukuliwa na intaneti kwa maana ya kupeleka faili kwenye seva, na kupakua kwa maana ya kuileta kwenye simu. Mwanafunzi anayetuma programu kutoka kompyuta yake kwenda kwenye kibao atasema anaipakia, naye atakuwa sahihi. Kipakizi basi kitaeleweka kuwa ni programu iliyo kwenye kompyuta yake, si ile iliyo ndani ya kibao. Jina litakuwa limeelekeza kidole upande usio wake.

Jina linalofaa zaidi litokane na jambo lililo kweli katika vibao vyote vilivyotajwa. Jambo hilo ni moja: programu hii hutangulia. Kwa msingi huo neno kitangulizi linastahili kujaribiwa. Linaweza kupingwa kwa hoja kwamba utangulizi wa kitabu huwa mwanzoni, ilhali katika Uno programu hii iko mwishoni mwa flashi. Pingamizi hilo lina faida kwa mwalimu kuliko hasara. Linamlazimisha aseme kwamba kutangulia kwa wakati si kutangulia kwa mahali, na sentensi hiyo ni nusu ya somo zima. Butiloda lenyewe halina sababu ya kufukuzwa. Lisimame kando ya kitangulizi mpaka watumiaji waamue.

5.0 Anwani, ramani na kitenzi kuruka

Si kila istilahi iliyopo ina kasoro. Anwani ni neno zuri kuliko linavyodhaniwa. Katika Afrika Mashariki anwani ya mtu kwa muda mrefu imekuwa sanduku la posta. Watu wengi wa Kampala huelekezwa nyumbani kwao kwa kanisa, kituo cha mafuta au mti, lakini barua zao zilikwenda kwenye sanduku lenye namba. Masanduku yamepangwa kwa mfuatano, kila moja lina namba isiyobadilika, na kilichomo hubadilika. Hivyo ndivyo kumbukumbu ya kompyuta ilivyo. Hata jambo gumu zaidi linaelezeka kwa mfano huo. Katika chipu ya STM32F103 flashi huanza 0x08000000, lakini chipu inapoanza kwa njia ya kawaida flashi hiyohiyo huonekana pia kuanzia sifuri. Ni sanduku moja lililobandikwa namba mbili.

Maneno ramani na mpangilio, kwa upande mwingine, hutumika ovyo kana kwamba ni kitu kimoja. Yanafaa kutenganishwa. Ramani imewekwa na aliyetengeneza chipu: flashi inaanza hapa, RAM inaanza 0x20000000, na fundi hana uwezo wa kubadili. Mpangilio ni uamuzi wa fundi ndani ya ramani hiyo: kitangulizi kipewe kilobaiti ngapi, programu ianzie wapi. Mganda anaijua tofauti hiyo kwa jina jingine, kwani anajua kwamba kibanja hupimwa ndani ya ardhi ambayo mipaka yake mikubwa iliwekwa na mwingine. Kibanja ni ndugu wa kiwanja, na hakuna sababu ya istilahi za Kiswahili kuogopa kusaidiwa na maneno yanayoeleweka Buganda.

Kuchanganya ramani na mpangilio huzaa kosa linalojulikana sana karakanani. Prosesa ya STM32F103 inapoanza husoma maneno mawili ya kwanza ya programu: la kwanza huonyesha mahali rundo la hesabu za muda linapoanzia, na la pili huonyesha anwani ya amri ya kwanza. Fundi akikiwekea kitangulizi kilobaiti 16 za mwanzo, programu ya mtumiaji inapaswa iandaliwe kwa ajili ya 0x08004000, na rejista inayoonyesha jedwali la vielekezi lilipo ibadilishwe ifuate. Programu ikiandaliwa kwa ajili ya 0x08000000 kisha ikawekwa 0x08004000, vielekezi vyake vitaonyesha ndani ya nyumba ya kitangulizi. Hakuna ujumbe wa kosa utakaotokea. Kibao kitakaa kimya, na fundi atadhani kimeungua.

Hapo ndipo kitenzi kuruka kinapohitaji uangalifu. Katika Kiswahili mtu anayeruka ukurasa ameuacha bila kuusoma. Sentensi isemayo kwamba prosesa inaruka anwani 0x08004000 inaweza kueleweka kwamba prosesa inaipita. Maana inayokusudiwa ni kinyume chake. Suluhisho limo ndani ya lugha: kauli ya kutendea. Prosesa huirukia anwani 0x08004000. Kiambishi kimoja kinabadilisha kuacha kuwa kufika.

Sarufi hiyohiyo ina hazina nyingine ambayo waundaji wa istilahi hawajaitumia. Kiswahili hutofautisha mahali kwa ngeli tatu. Pa- huonyesha mahali mahususi, ku- huonyesha eneo au uelekeo, mu- huonyesha ndani. Mpangilio wa kumbukumbu unahitaji tofauti hizo hasa. Penye 0x7E00 ndipo kitangulizi kinapoanza: hiyo ni anwani. Kuanzia hapo hadi mwisho ndiko kinakokaa: hilo ni eneo. Ndani ya anwani hiyo ndimo ilimo amri yake ya kwanza: hicho ni kilichomo. Kosa la kuchanganya anwani na kilichomo ndani yake huwasumbua wanaoanza kujifunza vielekezi katika lugha yoyote ya kompyuta. Kiswahili kinaweza kulizuia kwa kiambishi tu, na msemaji wa Kiganda, ambaye lugha yake nayo ina ku- na mu- za mahali, hatakiona kitu kigeni.

6.0 Gharama ya neno na pingamizi la Kiingereza

Kuna pingamizi linalopaswa kujibiwa kwa uaminifu. Wahandisi wa Kampala husoma, huandika na hupewa vyeti kwa Kiingereza. Nyaraka za chipu hutoka kwa Kiingereza. Kwa nini kujisumbua?

Jibu la kwanza ni kwamba kifaa hakiishi mikononi mwa aliyekibuni. Hufungwa na mtu, husafishwa na mwingine, na hutengenezwa na wa tatu, ambaye huenda alijifunza kazi kwa kutazama katika karakana za Katwe na si kwa kusoma mwongozo. Kifaa kilichobuniwa Kampala kikipelekwa Goma, Mwanza au Mombasa, lugha inayoweza kuzungumzwa na mafundi wa miji hiyo yote ni Kiswahili.

Jibu la pili linahusu usalama wa vifaa hivyo. Kibao kilicho juu ya paa hupewa programu mpya kwa mtandao. Umeme ukikatika katikati ya uandishi, na programu ya zamani imeshafutwa, kifaa hakitakuwa na cha kuendesha. Kwa sababu hiyo ESP32 inaruhusu flashi igawanywe iwe na nafasi mbili za programu: moja inayotumika, na nyingine inayoandikwa. Taarifa ya nafasi ipi iendeshwe huwekwa katika mgawanyo wake wenyewe wenye sekta mbili, ili moja ikiharibika wakati wa kuandikwa nyingine ibaki. Gharama yake ni kwamba nafasi ya kila programu hupungua. Anayenunua vifaa kwa fedha za umma anapaswa kuelewa kwa nini chipu yenye flashi kubwa zaidi si anasa, na mshauri wa sera anapaswa kuweza kuliuliza swali hilo katika lugha ya kikao.

Jibu la tatu linahusu lugha yenyewe. Kiswahili hakijaanza leo kushughulika na sayansi. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, na mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice. Kazi hizo ni za kuheshimiwa. Lakini kamusi, kwa asili yake, huanza na nomino, na programu ya ofisini humhitaji mtumiaji anayebonyeza, si fundi anayegawa. Njia hiyo ikirudiwa kwa mifumo iliyofungwa ndani ya vifaa, Uganda itapata orodha ndefu ya majina na uelewa mfupi.

7.0 Hitimisho na mapendekezo

Uhakiki huu umeonyesha kwamba udhaifu wa Kiswahili mbele ya kibao kidogo cha kompyuta hautokani na uchache wa maneno. Unatokana na mazoea ya kutafuta neno moja kwa kila neno la Kiingereza bila kuuliza kitu kinafanya nini na kinakaa wapi. Kumbukumbu limebebeshwa vitu viwili vinavyopingana. Kipakizi kinaahidi kazi ambayo mara nyingi haifanyiki. Wakati huohuo kauli ya kutendea na ngeli za mahali, ambazo kila mwanafunzi wa Kiswahili hufundishwa, zimeachwa nje ya karakana.

Inapendekezwa, kwanza, kwamba Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki pamoja na mabaraza ya lugha ya nchi wanachama yasanifishe istilahi za fani hii kwa mifumo mizima na si kwa maneno yaliyotengwa: kila istilahi iwasilishwe ndani ya maelezo ya kibao halisi. Pili, hifadhi na kumbukumbu ya kazi zitenganishwe katika vitabu vya shule tangu mwanzo. Tatu, istilahi mpya zigongane na sarufi kabla ya kuidhinishwa. Kiunganishi, kwa mfano, ni aina ya neno katika somo la lugha, na kulitumia tena kwa programu inayounganisha vipande vya msimbo kutamchanganya mwanafunzi yuleyule anayefundishwa masomo yote mawili. Nne, mafundi washirikishwe kabla ya istilahi kuidhinishwa, si baada.

Kipimo cha mafanikio kinaweza kuwa chepesi. Mwanafunzi apewe ukurasa mmoja wa Kiswahili unaoeleza kibao cha Uno, kisha aulizwe maswali matatu: umeme ukikatika kinabaki nini; prosesa ikiamka inaanzia wapi; nani anaruhusiwa kuandika hifadhi. Akiyajibu kwa ukurasa huo peke yake, istilahi zimefanya kazi. Akishindwa, kinachopaswa kurudiwa ni ukurasa, si mwanafunzi.